Gamba la Mzee Theuri

Robo saa kabla ya saa kumi na mbili jioni, Watiri alisimama mbele ya kibanda cha Mama Kinyua, karibu na uwanja wa Ruring'u, akapokea mfuko wa maganda ya mayai. Mayai yenyewe yalikuwa yameliwa na wapita njia tangu asubuhi, kwa chumvi na kachumbari.

"Watu wote hununua mayai, wewe unabeba takataka," Mama Kinyua alimtania. "Ati hizo wadudu zako ziko na mimba tena?"

"Wanne wamebeba."

"Wanne! Na wewe je? Utazalisha wanyama ya watu mpaka lini?"

Watiri alitabasamu, kwa sababu hapo ndipo mtu hutabasamu.

Wadudu hao walikuwa kreifishi, wale wanyama wa mtoni wenye mkia kama wa kamba wa baharini na magando mawili mbele kama ya kaa. Watiri alikuwa na digrii ya viumbe vya majini na hakuwa na kazi. Basi sebuleni kwao kulikuwa na matangi matano ya kioo, kreifishi sitini na watatu, na daftari moja. Vifaranga aliwauza kwa watu wa Nanyuki na Nairobi wanaofuga samaki wa mapambo. Maganda ya mayai aliyasaga akawalisha, maana kreifishi anahitaji chokaa ili gamba lake likauke na kuwa gumu.

Kazi hiyo aliifanya kwa saa na kwa kipimo. Tangu Aprili, baba yake alipopooza upande wa kulia, ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuimaliza siku. Hakuwa amelia. Kila jambo lilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka mpaka kwenye nyaya za stima alipofika nyumbani. Langoni palikuwa na mwanamke.

Alivaa koti zito la kiume, gambuti, na kitambaa cha kichwa kilichovutwa mpaka kwenye nyusi. Hakuegemea lango. Alikuwa kama amemwagwa juu yake.

"Mmoja amejivua leo," mwanamke akasema. Sauti ilikuwa ya chini, ya maji maji. "Tangi ya tatu. Niuzie hiyo gamba."

"Nani amekuambia?"

Harufu ikamfikia Watiri... harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, kisha kikafunuliwa.

"Siuzi gamba," Watiri akasema. "Ni chakula yake. Akishajivua anakuwa laini mwili wote. Lazima aile ndiyo akauke tena. Ukiitoa, anabaki hivyo, na wenzake wanamkula."

Mwanamke alicheka bila kuonyesha meno.

"Kumbe unajua," akasema. "Wengi hawajui."

Akanyoosha mkono wa kuagana. Watiri akaupokea, kwa adabu.

Hakukuwa na mfupa.

Ulikuwa kama unga wa chapati uliokandwa ukalazwa. Alipouachilia, shimo la kidole gumba chake lilibaki pale kwenye kiganja cha mwanamke, na halikurudi.

Ndani, Mzee Theuri alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tangi la tatu. Miaka thelathini alikuwa mpima kahawa kiwandani. Sasa kazi yake ilikuwa kutazama maji. Mkono wa kulia ulilala pajani kama kitu alichoachiwa na mtu amtunzie.

"Maitu," aliita kwa nusu ya mdomo. Mama yangu. Watiri alikuwa na jina la nyanya yake mzaa baba, na baba alimwita hivyo tangu azaliwe. "Maitu, kuja uone."

Kreifishi aliyekuwa amepoteza gando la kulia vitani alikuwa amejivua. Gamba la zamani lililala pembeni, zima, hata sharubu zake, wazi kama karatasi ya peremende. Mwenyewe alikuwa amejikunja ndani ya kipande cha paipu, rangi yake mpya kama ya ulimi. Na pale palipokuwa na pengo, palikuwa na gando. Dogo. La samawati. Likifunguka na kujifunga.

"Imeota," baba akasema.

Baadaye, akiwa hamtazami:

"Na mimi?"

Watiri alipima joto la maji. Nyuzi kumi na tisa. Akaandika. Alipolitazama daftari baadaye, aliona ameiandika kumi na tisa mara nne.

Jioni iliyofuata mwanamke alirudi. Watiri alimngoja kabisa, na chupa ya jamu mkononi. Ndani mlikuwa na magamba matatu ya kreifishi waliokufa Machi, ambayo hakuna tena wa kuyahitaji.

Mwanamke alichukua moja akalitia kinywani. Likavunjika kama krispi. Alitafuna muda mrefu, na alipomaliza, taya yake ilionekana imepata umbo.

"Ahsante. Sasa sema, msichana wa Theuri."

"Baba yangu amepooza mkono."

"Najua."

"Wao wakipoteza, inaota."

"Kwa sababu wanajivua." Mwanamke akasogeza uso karibu na nafasi ya lango. "Chukua maji. Ya tangi yenye mmoja amejivua. Muoshe nayo mwili mzima, magharibi tatu. Atakataa chakula. Macho itakuwa na utando. Atatafuta giza. Usishtuke, hizo dalili si unazijua? Akitoka, gamba yake usiiguse. Mtu asiiguse. Ataila mwenyewe. Siku tatu, anakuwa amekauka."

"Na wewe unataka nini?"

"Makombo," mwanamke akasema. "Akishiba, kile kitabaki."

Watiri alijua vizuri kwamba upuuzi huo hauna mahali katika kitabu chochote alichosoma chuoni. Alijua pia kuwa daktari alikuwa amesema wazoee. Alirudi ndani, akachota lita tano kwenye tangi la tatu, akazipasha moto kidogo ili mzee asipatwe na baridi, akakunja mikono ya sweta.

Alimwosha kwa kitambaa, kisha kwa mikono mitupu, kama alivyomwosha kila Jumamosi. Shingo, mgongo, mkono ulio hai, mkono uliokufa. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Siku ya nne Mzee Theuri alisukuma sahani ya githeri. Siku ya tano macho yake yaliingia weupe. Siku ya sita aliomba pazia lifungwe. Watiri aliandika yote, kwa tarehe, kwenye kurasa zile zile za kreifishi, chini ya mstari alioupiga kwa rula.

Alfajiri ya siku ya saba, alisikia sauti.

Ilitoka chumbani kwa baba. Kama mtu anamenya mahindi makavu. Kraa... kraaa... Kisha kitu kizito, chenye maji, kikaanguka sakafuni.

Kimya.

Watiri alisubiri ukutani mpaka mwanga wa kijivu ulipoingia dirishani. Kisha akasukuma mlango.

Kitandani alilala baba yake. Alikuwa mtupu ndani, amepasuka mgongoni kuanzia kisogo mpaka kiunoni. Kila kitu kilikuwepo: kucha, kovu la jiko kwenye goti, nusu ya mdomo iliyoinama. Mwanga ulipita katikati yake.

"Maitu."

Sauti ilitoka chini ya kitanda.

Watiri aliinama. Gizani kulikuwa na uso wa waridi usio na kunyanzi hata moja. Mdomo ulikuwa mzima, pande zote mbili. Na mkono wa kulia, ule wa kulia, uliinuka polepole kutoka sakafuni, ukalegea, ukainuka tena. Vidole vitano vikafumbika.

"Angalia," baba akanong'ona. "Angalia, maitu. Inashika."

Angetaka kulia. Alitafuta kilio mahali kinapokaa, hakukikuta. Alishusha gamba kutoka kitandani kwa shuka, akalisogeza karibu na baba, akafunga mlango.

Akaandika: *Saa kumi na mbili na dakika kumi. Amejivua salama. Mkono umerudi.*

Kisha alimsikia baba akila.

Kila kitu alikijua. Alikuwa ameona kreifishi mia wakifanya hivyo. Anaanza na miguu au na magando, anakata vipande, anasaga, hana haraka. Lakini kreifishi hapumui kwa pua wakati anatafuna. Kreifishi hasiti akifika kwenye kucha.

Watiri alikaa jikoni, vidole masikioni, akihesabu pumzi.

Saa nne, Mama Wendy alipiga hodi. Alikuwa jirani yao na mwenyekiti wa akina mama wa maombi, na tangu Aprili hakukosa kuleta chupa ya uji kila Alhamisi. Hakuwa mtu wa kusubiri sebuleni.

"Mzee wetu ameamkaje? Wacha nimsalimie tu, siketi..."

"Mama Wendy, amelala. Ngoja."

Mlango ulikuwa umefunguliwa tayari.

Chupa ilianguka. Uji ukatapakaa mpaka kwenye miguu ya meza. Mama Wendy alirudi nyuma, akagonga tangi la kwanza, mkono ukiwa juu.

"Shindwe! Hii ni nini? Watiri, hii ni nini iko kwa hii nyumba?"

"Ni gamba yake."

"Gamba ya nani? Mtu ako na gamba? Unasikia vile unaongea?" Alimshika mabega akamtikisa. "Hicho kitu kina uso ya baba yako! Mzee mwenyewe ako wapi?"

"Chini ya kitanda. Amepona."

"Hajapona, ni hicho kitu kinamshikilia! Toa! Choma! Choma sasa hivi kabla jua iingie!"

Kama lingekuwa tangi, Watiri angemtoa Mama Wendy nje kwa mkono. Juu ya kila kioo alikuwa amebandika kadibodi yenye herufi kubwa, USITOE GAMBA, na siku moja alikuwa amemfokea fundi wa pampu aliyetaka kusaidia kusafisha. Hakukuwa na kosa alilolijua vizuri kuliko hilo. Lakini alikuwa amesikiliza mlio ule wa kutafuna kwa saa nne. Mtu mzima, mwenye sauti kubwa, alikuwa anamwambia afanye kitu kitakachounyamazisha.

Alichukua koleo la mkaa.

Baba hakupigana. Hakuweza. Alishika gamba kwa mkono wa kulia tu, na vidole hivyo vilikuwa vigumu, vikavu, vyenye nguvu ambayo Watiri hakuikumbuka hata kabla ya Aprili. Ndiyo sehemu aliyokuwa amekula. Gamba la mkono wa kulia. Alikuwa ameanza na ule.

"Maitu, usichukue," akasema. "Bado sijashiba."

Likachanika. Akalitoa.

Nyuma ya nyumba, kwenye nusu pipa la kuchomea taka, liliwaka kwa moto wa kijani. Harufu ikawa ile ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa kwa ajili ya supu. Mama Wendy aliomba kwa sauti. Na Watiri, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana, akasikia njaa.

Siku ya kwanza baba hakukauka.

Siku ya pili hakukauka.

Siku ya tatu, alipojaribu kumkalisha, kiwiliwili kilimteleza mikononi kikatandaa sakafuni. Mbavu zilikuwepo, lakini zilipinda kama mabua mabichi. Kila alipomshika, alama ya mshiko wake ilibaki. Mkono wa kulia peke yake ulikuwa mzima, ukikwaruza simenti, ukiuburuta mwili uliosalia kurudi gizani.

Mama Wendy hakurudi. Alituma ujumbe kwamba anafunga na kuomba.

Magharibi, mwanamke alikuwa langoni.

"Nimekuja kwa makombo."

"Hakuna. Imechomwa."

Ukungu ulipita kati yao, ukaisha, mwingine ukaja.

"Yangu pia ilichomwa," mwanamke akasema mwishowe. "Mume wangu alichoma. Aliogopa. Huko Kangema, juu kwa majani chai."

"Mwaka gani?"

"Majani chai ilikuwa haijapandwa."

Watiri alishika chuma cha lango. Alikisikia kwa mbali, kama kimefungwa pamba.

"Baba atakufa?"

"Afe?" Mwanamke alicheka kile kicheko chake. "Mimi ningekuwa nimekufa."

"Nitampa za kreifishi. Zote."

"Hizo ndogo zinashikilia mdomo. Kidole. Ikipita wiki moja unalegea tena. Unadhani natembea kwa lango ya watu kwa kupenda?" Akaitazama mikono ya Watiri. "Mtu hukauka kwa gamba ya mtu. Ya damu yake. Na wewe... ulimuosha na nini?"

"Na mikono."

"Mikono mitupu?"

Watiri alivitazama vidole vyake.

"Umekula leo?"

Hakuwa amekula. Wala jana. Wala hakuwa amefungua mapazia. Asubuhi alikuwa ameifuta miwani mara kwa mara akidhani ina vumbi, na vumbi halikutoka. Ganzi ile ya vidoleni aliyoizoea tangu Aprili, akiiita huzuni, ilikuwa imefika mabegani. Ilikuwa inaachana na nyama chini yake. Aliweza kuisikia ikiachana.

"Itakuwa kesho," mwanamke akasema kwa upole. "Gamba ni moja tu. Watu ni wawili. Sikuambii ufanye nini."

Watiri alifanya mambo kwa mpangilio. Alibadilisha theluthi ya maji katika kila tangi. Alisaga maganda yote ya Mama Kinyua. Alimwandikia Mama Wendy kwamba amepata kazi Nairobi, anaondoka alfajiri, asante kwa maombi. Kwenye daftari, chini ya mstari wa rula, aliandika dalili zake mwenyewe kwa tarehe. Kisha akafunga mlango wa chumba cha baba kwa ndani, akajilaza sakafuni kando ya kitanda.

Haikuuma. Hilo ndilo alilotaka kuliandika na hakuwa na kidole cha kushikia kalamu. Mgongo ulifunguka, baridi ikaingia, na akajimimina nje yake.

Gamba lake lilibaki limelala kifudifudi. Zuri. Zima. Lilikuwa na harufu yake, na njaa aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote alichokisikia tangu Aprili. Mdomo wake ulikuwa tayari karibu na kisigino.

Mkono wa kulia wa baba ulitoka gizani ukasimama, vidole wazi, ukingoja.

"Na wewe, maitu?" akauliza. "Utakula nini?"

Watiri alilisukuma gamba kwa paji la uso, sentimita moja baada ya nyingine, kwa kuwa mikono haikuweza.

"Kula, Baba."

Alikula siku nzima na nusu. Safari hii Watiri hakuziba masikio. Hakuwa na kitu cha kuzibia.

Siku ya tatu Mzee Theuri alisimama. Alitembea mpaka sebuleni kwa miguu miwili, akafungua mapazia, akalisha matangi matano. Mama Wendy alikuja mbio akapiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka.

"Bwana asifiwe! Mzee! Hata rangi imerudi! Na Watiri alifika Nairobi salama?"

"Alifika."

"Lakini mzee..." Sauti ikapungua. "Hata sijui nisemeje. Mbona siku hizi unafanana naye hivyo? Hapa kwa macho. Hata hiyo alama yake ya shavu."

"Ni damu," Mzee Theuri akasema. "Ni mama yangu."

Jioni hiyo alileta chumbani kisosi chenye magamba mawili ya vifaranga, mepesi kama kucha za mtoto. Akakisukuma chini ya kitanda. Watiri aliyala. Baada ya saa moja aliweza kuusogeza ulimi vizuri.

"Tangi ya ngapi?" akauliza.

"Ya pili. Saa tisa na robo. Nimeandika." Alikaa kitandani, na mbao zikashuka mpaka karibu na uso wa Watiri. "Nitawazalisha wengi, maitu. Nitaweka matangi mpaka jikoni. Itatosha?"

Watiri alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Alipiga mara tatu, kwa kila kasi ya ukuaji aliyoijua, na jibu lilikuwa lile lile.

"Endelea tu kuzalisha, Baba," akasema.

Nje, mtu alibisha lango. Mzee Theuri alitoka. Watiri alisikia kikohozi cha maji maji, kisha sauti ya baba yake, ngumu, ya mpima kahawa aliyekuwa akiwarudisha watu na magunia yao.

"Hatuuzi tena. Hata moja. Ni za mtoto wangu."

Gambuti zikaburutika kutoka langoni.

Komeo likafungwa. Mlango wa mbele ukafungwa. Baba akarudi kwenye matangi yake, akinyunyiza unga wa maganda, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, mdomo mzima, pande zote mbili.

Harufu ya kisima ilifika kwanza.

Watiri alikuwa ametazama mlango wa nyuma wa chumba, ule wa kuelekea uani. Chini yake palikuwa na nafasi ya upana wa sarafu. Kwenye nafasi hiyo mwanga wa magharibi ulikatika. Kidole kikaingia, bapa kama utepe. Cha pili. Vyote vitano, halafu kiganja, kikimiminika taratibu juu ya simenti, kikipapasa.

Angeweza kumwita baba. Ulimi ulikuwa na nguvu ya kutosha, mpaka Jumapili.

Alikitazama kiganja kile. Alama ya kidole gumba chake ilikuwa bado ipo.

Watiri hakuogopa. Alijivuta kidogo kuelekea ukutani, akampisha mwanamke nafasi kando yake.